Waungwana wa Kongo na Soko la Watumwa

Husemwa kwamba Waafrika waliuzana wenyewe. Ni kweli?

Wengi waliowafikisha mateka pwani walikuwa Waafrika, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Kosa la kauli hiyo ni kwamba inawapa watu wa karne ya 15 na 16 undugu ambao wao hawakuujua. Mreno Diogo Cão alipofika kwenye mlango wa mto Kongo mwaka 1483, alikuta ufalme wenye mji mkuu, Mbanza Kongo, wenye magavana wa majimbo, kodi, na fedha ya makombe madogo yaitwayo nzimbu, yaliyokusanywa kisiwani Luanda kwa ajili ya hazina ya mfalme. Raia wa huko alijijua kuwa Mkongo. Mateka wa vita kutoka ng'ambo ya mpaka alikuwa mgeni, na sheria iliruhusu auzwe. Mkongo mwungwana alilindwa. Wareno nao, kwa wakati huo, hawakuwa na ubavu wa kuvamia bara. Iliwabidi wanunue kwa masharti waliyoyakuta.

Kama masharti yalikuwa ya Wakongo, yalivunjikaje?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe, na ushahidi bora ni barua za Mfalme Afonso wa Kwanza, Mvemba a Nzinga. Alikuwa Mkristo, msomi, na yeye mwenyewe aliuza mateka. Lakini Julai 1526 alimwandikia João wa Tatu wa Ureno akilalamika kwamba wafanyabiashara wanawakamata wana wa nchi, hata wa koo bora na jamaa zake, na kwamba bidhaa zao zinawafanya raia wamwasi. Alitaka biashara hiyo ikome. Kufikia Oktoba mwaka uleule alikuwa amelegeza: badala ya kuipiga marufuku, aliweka maofisa watatu wa kuchunguza kila mateka kabla hajauzwa, wahakikishe si mwungwana. Wapo wanaouona unafiki katika badiliko hilo. Mimi naona mtawala aliyebanwa. Utii wa wakuu wake ulitegemea vitambaa na bidhaa za nje alizowagawia. Sasa walizipata moja kwa moja kwa wanunuzi, nao wanunuzi walitaka watu. Mashamba ya miwa ya kisiwa cha São Tomé, na baadaye ya Brazil, hayakuwa na kikomo cha mahitaji, ilhali sheria ya Kongo ilitungwa kwa ajili ya dunia ambamo mateka hupatikana kwa vita vya hapa na pale. Baada ya Mfalme António kuuawa katika vita vya Mbwila mwaka 1665, koo za kifalme zilipigania kiti kwa miongo kadhaa, na katika vita hivyo Wakongo waliuzwa na Wakongo. Kinga ya mwungwana aliyotaka kuiokoa Afonso ilikuwa imekwisha.

Kwa nini watawala hawakugoma tu?

Kwa sababu anayegoma peke yake humwachia jirani silaha na soko. Malkia Njinga wa falme jirani za Ndongo na Matamba alipigana na Wareno miaka mingi, akaungana na Waholanzi walipowapokonya Wareno mji wa Luanda mwaka 1641, na bado aliuza mateka kwa Waholanzi haohao. Katika mapatano ya 1656 alimkomboa dada yake kutoka mikononi mwa Wareno kwa kutoa watumwa.

Je, hoja hii haiwasafishi Wazungu?

Haiwasafishi hata kidogo. Kati ya Waafrika wapatao milioni 12.5 waliopakiwa kuvuka Atlantiki, karibu nusu walitoka pwani ya Kongo na Angola. Meli, mitaji, mashamba, na sheria zilizomfanya mtoto azaliwe mtumwa kwa sababu mama yake ni mtumwa vilikuwa vya Ulaya na makoloni yake. Muuzaji ana hatia yake, lakini haiipunguzi ya aliyejenga soko lisiloshiba. Tena kuwatazama Waafrika kama wauzaji na wahanga tu kunawafuta waliopinga. Lourenço da Silva de Mendonça, wa ukoo wa kifalme kutoka Ndongo, alifika Roma katika miaka ya 1680 na kumpelekea Papa Innocent wa Kumi na Moja mashtaka dhidi ya utumwa. Mwaka 1686 Vatikani ilitoa tamko la kulaani maovu ya biashara hiyo. Meli ziliendelea kupakia watu Luanda.