Pumu na Uzito wa Kijana: Maswali na Majibu

Pumu ni ugonjwa wa njia ndogo za hewa ndani ya mapafu. Kuta zake huvimba, misuli inayozizunguka hukaza, ute hujaa, na hewa ya kutoka hupata taabu kuliko ya kuingia. Ndipo kifua kinapotoa mlio kama wa filimbi. Mafuta ya mwili yakizidi hukibana kifua hichohicho kwa nje. Majibu yanayofuata yanahusu vijana wa miaka 12 hadi 19, na yamefuata hali ya Tura, kata ya Wilaya ya Uyui iliyo kwenye Reli ya Kati mashariki mwa mji wa Tabora, penye vumbi la kiangazi, moshi wa kuni na mabani ya kukaushia tumbaku.

Je, kila kijana mwenye pumu anayejiona mnene anahitaji kupungua?

Hapana, na wengi hawahitaji. Kijana bado anakua, kwa hiyo kipimo cha mtu mzima hakimfai. Kinachotumika ni uwiano wa uzito na urefu: kilo zinagawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, kisha jibu linalinganishwa na majedwali ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007, yaliyopangwa kwa umri na jinsia kuanzia miaka 5 hadi 19.

Mfano wa mvulana wa miaka 13 unaonyesha vizuri. Ana urefu wa mita 1.50 na kilo 50, hivyo uwiano wake ni 22.2. Kwa umri huo uzito uliozidi huanzia karibu 20.8, na unene wa kupindukia karibu 24.8. Amezidi, lakini si sana. Akifika miaka 15 akiwa na mita 1.64 na kilo 54, uwiano utakuwa 20.1, chini ya kikomo cha umri wake ambacho ni karibu 22.7. Ameongeza kilo nne na ametoka kwenye unene, kwa sababu urefu umeukimbiza uzito. Ndiyo maana kwa kijana anayerefuka lengo la kawaida ni kuuzuia uzito usipande haraka. Kupunguza kilo kwenyewe huwahusu zaidi wenye unene wa kupindukia na waliokwisha kurefuka, nao kupungua nusu kilo kwa wiki kunawatosha. Kuzidi kilo moja kwa wiki si salama.

Uzito unaizidishaje pumu?

Mafuta ya tumboni huusukuma juu msuli unaotenganisha tumbo na kifua, na yale ya mbavuni huzuia kifua kutanuka. Mapafu hupumua yakiwa nusu yamekunjwa, na njia ndogo za hewa hujifunga upesi. Zaidi ya hapo, mafuta yenyewe hutoa kemikali zinazochochea uvimbe mwilini. Unene pia huleta kiungulia, na tindikali inayopanda usiku huamsha kikohozi ambacho wengi hudhani ni pumu pekee. Kwa watu wazima wenye unene wa kupindukia, kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito kumeonekana kuituliza pumu.

Hata hivyo si kila kuhema ni pumu. Kijana mnene asiyezoea kukimbia huhema kwa sababu mwili umechoka, na hutulia baada ya dakika chache bila dawa. Kuhema kwa pumu huja na mlio, kifua kubana au kikohozi, na mara nyingi hukolea dakika chache baada ya mbio kwisha.

Je, dawa za pumu hunenepesha?

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo, maana kijana anayeogopa kunenepa huanza kwa kuacha dawa. Jibu linategemea dawa ipi.

Salbutamoli, ile inhela ya haraka ambayo mara nyingi huwa ya buluu, hainenepeshi. Beklometasoni ya kuvuta hutuliza uvimbe na hutumiwa kila siku. Kwa dozi ndogo na ya kati haina athari ya maana kwa uzito, kwa kuwa kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Vidonge vya prednisoloni ni habari nyingine: huongeza njaa, huhifadhi maji mwilini na huujaza uso. Lakini dozi ya siku tatu hadi saba baada ya shambulio haimnenepeshi mtu. Hunenepesha vikirudiwa kila mwezi au vikimezwa kwa wiki nyingi.

Hoja hiyo basi inageuka. Anayeacha dawa ya kuvuta ya kila siku kwa hofu ya unene hupata mashambulio, mashambulio humrudisha kwenye prednisoloni, na prednisoloni ndiyo inayomnenepesha. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haupendekezi tena kwa wenye miaka 12 na zaidi kutegemea salbutamoli peke yake. Dawa ya kutuliza uvimbe inatakiwa iwepo. Anayehitaji salbutamoli zaidi ya mara mbili kwa wiki, au anayeamshwa na kifua usiku, pumu yake haijatulia, na mpango wa kupungua usubiri mpaka itulie. Aliyemeza prednisoloni kwa wiki kadhaa naye asiiache ghafla: tezi zake zimezoea kupumzika, na mwili unaweza kuishiwa nguvu kwa namna ya hatari.

Mazoezi hayataleta shambulio?

Yanaweza, na yanazuilika. Mwingereza Paula Radcliffe ana pumu tangu ujana wake, na mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2:15:25, rekodi ya dunia ya wanawake iliyodumu hadi Brigid Kosgei wa Kenya alipoivunja Chicago mwaka 2019. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za mwendo wa kutoa jasho kila siku kwa umri wa miaka 5 hadi 17, na pumu iliyotulia haimwondoi kijana kwenye hesabu hiyo.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Mivuto miwili ya salbutamoli huvutwa dakika 10 hadi 15 kabla, ikiwa mtoa huduma ameiagiza hivyo. Kisha hufuata dakika kama 10 za kutembea na kukimbia polepole kabla ya mchezo wenyewe, na mwisho dakika chache za kupoa. Anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba yuko kwenye kasi inayofaa.

Kinachohitaji akili zaidi Tura ni majira. Juni na Julai alfajiri ni baridi na kavu, na hewa ya namna hiyo huzikausha njia za hewa; mbio za saa kumi na mbili asubuhi zinazosifiwa kila mahali si nzuri kwa kijana huyu, heri asubiri jua lipande kidogo. Kuanzia Agosti vumbi na moshi wa mapori yanayochomwa hutanda mpaka mvua za Novemba. Siku hizo uwanja wa mpira humwagiwa maji ikiwezekana, au mchezo huahirishwa na kutembea kukachukua nafasi yake. Masika yana hewa safi zaidi, ila ndiyo majira tumbaku inapovunwa na mabani kuwaka kuni usiku na mchana. Kijana wa nyumba ya wakulima hafai kuwa mlinzi wa moto wa bani, wala mchambuzi wa majani makavu kwenye chumba kilichofungwa, hata kama kazi hiyo inamtoa jasho. Jikoni pia moshi wa mafiga hudhuru, na wasichana huupata zaidi kwa kuwa ndio hupewa zamu.

Kutembea kunadharauliwa bila sababu. Misafara ya wapagazi wa miguu kutoka pwani ilipomaliza nyika ya Mgunda Mkali ilitua hapa. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita mwaka 1857, alilieleza jina Tura kuwa ni amri ya kutua mzigo. Wapagazi wale walianza safari mapema na kupumzika jua lilipokuwa kali. Dakika 40 za mwendo wa haraka, siku tano kwa wiki, hupunguza mafuta ya tumbo bila kukishtua kifua kama mbio za ghafla.

Chakula kibadilishwe vipi?

Si kwa kukata ugali. Kinachobadilika ni ukubwa wake sahanini: robo iwe ugali au wali, robo maharage, kunde, mayai au dagaa, na nusu nzima mboga, iwe matembele, kisamvu, mlenda au nsansa. Kisamvu kilichoungwa kwa karanga kihesabiwe kuwa mboga na karanga kwa pamoja, kwani gramu 100 za karanga zina zaidi ya kalori 500. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ni chakula kizuri, ila kiazi kikikauka hupoteza maji peke yake. Konzi mbili za michembe ni viazi vingi kuliko vinavyoonekana.

Soda ndiyo ya kwanza kuondoka. Chupa ya mililita 350 ina gramu 35 hivi za sukari, na haishibishi. Chipsi mayai na maandazi ya stendi hufuata. Chakula cha usiku kiliwe saa mbili au tatu kabla ya kulala, kwa ajili ya kiungulia.

Kuruka mlo hakusaidii. Kijana anayeshinda na njaa shuleni hula mara mbili jioni, na mwili unaokua huhitaji protini, madini ya chuma na chokaa kila siku. Chokaa hasa kwa aliyemeza prednisoloni mara nyingi, kwa kuwa dawa hiyo hudhoofisha mifupa.

Asali na limau, chai za kupunguza tumbo, vidonge: je, vinafaa?

Tabora ni mkoa wa asali, na si ajabu asali ikapewa kazi zisizo zake. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori 60 hivi, na hakiyeyushi mafuta popote. Limau na siki asubuhi huamsha kiungulia. Maziwa ya nyuki, yale wanayolishwa malkia wa mzinga, yamewahi kuwaletea watu wenye pumu mashambulio makali, hata vifo. Ni ya kuepukwa kabisa.

Chai nyingi za kupunguza tumbo ni dawa za kuharisha. Zinatoa maji na chumvi za mwili, mafuta yanabaki. Pamoja na maji hupotea potasiamu, ambayo salbutamoli nayo huishusha, na moyo huweza kupiga ovyo. Vidonge vina hatari yake: sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa madhara ya moyo, lakini imeendelea kukutwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za mitishamba. Klenbuteroli, kidonge kingine cha namna hiyo, ni ndugu wa salbutamoli. Kuzitumia pamoja ni kuuchapa moyo mara mbili. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo havifai, hasa kwa anayemeza aminofilini, dawa nyingine ya pumu.

Shambulio likija katikati ya mazoezi?

Mchezo husimama papo hapo. Kijana huketi wima, halazwi, na nguo za kifuani hulegezwa. Salbutamoli hupulizwa mivuto 4 hadi 10, mmoja mmoja, kupitia chombo cha kati kinachowekwa baina ya inhela na mdomo, na hurudiwa kila dakika 20 katika saa ya kwanza. Chombo cha dukani kisipopatikana, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni tundu la kuingia mdomo wa inhela barabara hufanya kazi hiyo. Watafiti wa Cape Town walithibitisha mwaka 1999 kwamba inafanya karibu sawa na ya kiwandani. Kijana hupumua kupitia shingo ya chupa.

Asiyeweza kumaliza sentensi, mwenye midomo iliyobadilika rangi, au ambaye mlio wa kifua umenyamaza huku bado anahangaika, apelekwe kituo cha afya mara moja, mivuto ikiendelea njiani.

Na uzito ukipungua wenyewe?

Kijana akikonda bila kubadili chakula wala mazoezi, hilo halihesabiwi kuwa mafanikio. Kiu kali na mkojo mwingi huashiria kisukari. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni na jasho la usiku huashiria kifua kikuu, ambacho kwa aliyezoea kukohoa hufichika kwa urahisi nyuma ya jina la pumu. Makohozi hupimwa, na katika vituo vya umma Tanzania vipimo na matibabu ya kifua kikuu hayalipiwi.