Kuchemsha Hakutoshi: Majitaka ya Viwandani na Maji ya Mto

Mto Msimbazi wa Dar es Salaam huanzia kwenye vilima vya Pugu, hupita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha huingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Ni mto mfupi, lakini umebebeshwa mzigo mkubwa. Humo humo hutiririshwa majitaka ya viwandani, na humo humo mkulima huchota maji ya kumwagilia mchicha utakaouzwa sokoni jioni.

Majitaka hayafanani. Yale ya machinjio au kiwanda cha vyakula hujaa damu, mafuta na mabaki. Bakteria wanapoyaozesha hutumia oksijeni iliyomo majini. Maji yenye joto la nyuzi 25 hubeba oksijeni miligramu 8 hivi tu kwa lita; ikishuka chini ya 5, samaki wengi hutaabika. Ikiisha kabisa, maji huwa meusi na kunuka kama yai viza. Uchafu wa aina hii ukizuiwa unakotoka, mto hujisafisha taratibu.

Metali ndizo za kuogopwa zaidi. Kromiamu ya viwanda vya ngozi, risasi ya betri na kadimiamu haziozi. Hutuama kwenye tope, na mafuriko yakija tope hilo huingia mashambani na hadi ndani ya nyumba. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Wengi hudhani kuchemsha kunatosha. Kuchemsha huua vijidudu. Metali hubaki, tena maji yakipungua kwa mvuke huzidi kukolea. Shabu nayo hutuliza tope na maji yakang'aa, lakini usiyaamini kwa mng'ao huo. Kadhalika mchicha: kuuosha huondoa udongo na baadhi ya vijidudu, si risasi iliyofyonzwa na mizizi ikapanda hadi kwenye jani. Muulize muuzaji bustani yake inamwagiliwa maji gani. Mkulima asiye na chanzo kingine cha maji ni afadhali aoteshe miche ya maua na miti ya vivuli kuliko mboga.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Kanuni za 2007 zinaweka viwango: majitaka yanayoingizwa mtoni yasiwe na risasi inayozidi miligramu 0.1 kwa lita. Kwa hiyo ukiona rangi ngeni, povu au samaki wakielea, usiingie majini. Andika saa, piga picha ya mdomo wa bomba pamoja na kitu kinachotambulisha mahali. Mwarifu mwenyekiti wa mtaa, afisa afya wa kata, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu siku hiyo hiyo, maana maji yenye ushahidi hayasubiri. Omba sampuli zichukuliwe juu ya bomba na chini yake. Chupa ya chini peke yake humpa mwenye kiwanda nafasi ya kusema uchafu ulitoka juu.