Somo: Matairi Mapana kwa Rimu Zilezile

Tairi ndilo sehemu pekee ya gari inayogusa barabara. Mahali tairi moja la gari dogo linapokanyaga lami hapapishani sana na ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Breki zinapokanyagwa ghafla, usukani unapokatwa, au mvua ya masika inapofunika lami, uhai wa waliomo garini hutegemea viganja vinne vya namna hiyo. Hata hivyo walaji wengi hununua matairi kwa haraka kuliko wanunuavyo kitenge: huuliza bei, hutazama weusi wa mpira, kisha hukubali ushauri wa muuzaji.

Ushauri unaosikika mara nyingi ni huu: “Bosi, weka pana zaidi, gari litatulia barabarani.” Somo hili linachunguza kauli hiyo. Je, mwenye gari la saluni anaweza kuweka matairi mapana kuliko yaliyokuja na gari, bila kubadilisha rimu? Jibu fupi ni kwamba hatua moja ndogo ya upana huwezekana kwa magari mengi, endapo masharti manne yatatimizwa kwa pamoja. Kuzidi hapo, mlaji hulipia upana ambao rimu yake haiwezi kumpa, na huenda akanunua hatari pamoja nao.

1. Kusoma maandishi ya ubavuni

Tuchukue kipimo kinachovaliwa na magari mengi ya saluni yaliyotumika yanayoletwa nchini kutoka Japani: 195/65R15 91H. Tarakimu 195 ni upana wa tairi kwa milimita, kutoka ubavu hadi ubavu. Tarakimu 65 ni kimo cha ubavu, nacho ni asilimia 65 ya upana huo. Herufi R huonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepangwa kwa mtindo wa radiali. Tarakimu 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 91 ni kiwango cha uzito: tairi hilo laweza kubeba hadi kilo 615. Herufi H ni kiwango cha mwendo, yaani kilomita 210 kwa saa.

Rimu nayo ina maandishi yake, ambayo kwa kawaida huwa upande wa ndani au karibu na matundu ya nati. Maandishi 15×6J yana maana ya kipenyo cha inchi 15 na upana wa inchi 6. Namba hii ya pili ndiyo inayosahauliwa zaidi dukani, ilhali ndiyo inayoamua upana wa tairi linaloweza kuvalishwa.

Hatimaye, fungua mlango wa dereva. Kwenye fremu yake kuna kibandiko cha mtengenezaji kinachotaja vipimo vya matairi vilivyoidhinishwa na kiasi cha upepo. Katika magari ya Japani upepo huandikwa kwa kPa. 230 kPa ni takriban PSI 33 kwenye geji za mafundi wetu. Ikiwa kibandiko kinataja vipimo viwili, umepata jibu bila hesabu: vyote viwili vimekubaliwa, kila kimoja kwa rimu iliyotajwa pamoja nacho.

2. Sharti la kwanza: kipenyo kisibadilike sana

Spidomita na kihesabu kilomita hukadiria mwendo kutokana na mizunguko ya magurudumu. Tairi likiwa kubwa, kila mzunguko huenda mbali zaidi, na gari hukimbia kuliko inavyoonyeshwa. Kipenyo hupatikana hivi: zidisha upana kwa asilimia ya kimo, zidisha jibu kwa mbili, kisha ongeza kipenyo cha rimu. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381.

195/65R15: milimita 634.5 (kipimo cha asili)
205/60R15: milimita 627 (pungufu ya asilimia 1.2)
205/65R15: milimita 647.5 (ongezeko la asilimia 2)
215/60R15: milimita 639 (ongezeko la asilimia 0.7)
215/65R15: milimita 660.5 (ongezeko la asilimia 4.1)

Mlaji atakuwa salama akiishia kwenye tofauti isiyozidi asilimia 2 hivi. Angalia kipimo cha mwisho: kwa gari ambalo spidomita yake ilikuwa sahihi kabisa, inapoonyesha 80, gari litakuwa linakwenda kilomita 83 kwa saa. Kadhalika, gari likiwa limetembea kilomita 10,000, kihesabu kitaonyesha 9,600 hivi, na mwenye gari atachelewa kubadilisha oili bila kujua. Ndiyo maana, kwa kawaida, upana unapoongezwa asilimia ya kimo hupunguzwa.

3. Sharti la pili: rimu iweze kulibeba tairi

Kila kipimo cha tairi kina kiwango cha chini na cha juu cha upana wa rimu. Tairi la 195/65R15 huvaliwa na rimu za inchi 5.5 hadi 7. Tairi la 205/60R15 huvaliwa na rimu za inchi 5.5 hadi 7.5, kwa hiyo rimu ya inchi 6 inalipokea bila taabu. Tairi la 215/60R15 huanzia inchi 6. Hapo rimu yetu imefika mwisho wa ruhusa, ingawa hesabu ya kipenyo ilikuwa nzuri kuliko ya matairi mengine yote. Basi kipenyo peke yake kisikudanganye.

Kwa nini mpaka huu ni muhimu? Tairi pana likibanwa na rimu nyembamba, mbavu hutuna nje mithili ya puto na sehemu ya kukanyagia huinuka katikati. Kashata za katikati huisha mapema, na zile za pembeni hubaki zikiwa hazijafanya kazi. Usukani huchelewa kuitika, kwa kuwa ubavu hulala kwanza kabla ya gurudumu kufuata. Upepo ukiwa pungufu na kona ikikatwa kwa kasi, mdomo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye ukingo wa rimu. Zaidi ya hayo, upana wa 215 ulipimwa juu ya rimu pana kuliko yako. Juu ya rimu nyembamba tairi hilohilo hupungua milimita kadhaa, hivyo sehemu ya upana uliolipia huipati kamwe.

4. Sharti la tatu: pawepo nafasi ya kuzunguka

Rimu ikiwa ileile, ongezeko la upana hugawanyika pande mbili. Tairi likiongezeka milimita 20, takriban milimita 10 huingia ndani, upande wa shokapu na springi, na nyingine 10 hutoka nje, upande wa bodi. Gari linaloonekana kuwa na nafasi ya kutosha likiwa tupu laweza kukwaruza matairi likibeba watu watano na mizigo yao.

Kabla ya kulipa fedha zote, mwombe fundi avalishe tairi moja la mbele na moja la nyuma. Kata usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Pitisha gari polepole kwenye tuta likiwa limebeba watu. Halafu kagua mbavu za matairi, plastiki za ndani ya bodi, na mipira ya breki. Alama yoyote ya mkwaruzo ni jibu tosha: kipimo hicho si cha gari lako. Tairi linalosugua mpira wa breki halitoi onyo la pili.

5. Sharti la nne: uzito na mwendo visipungue

Tairi jipya liwe na kiwango cha uzito na cha mwendo kilicho sawa na cha asili au zaidi. Kiwango cha 88 hubeba kilo 560 tu, yaani kilo 55 pungufu ya 91 kwa kila tairi. Upana si ushahidi wa nguvu. Lipo tairi pana lenye uwezo mdogo kuliko lako la zamani.

6. Faida na gharama

Si haki kusema kwamba upana hauna faida. Kwenye lami kavu, tairi pana linalolingana na rimu yake huweza kushika vizuri zaidi kwenye kona. Lakini lina gharama zake. Bei yake kwa kawaida ni kubwa, na aghalabu gari hula mafuta zaidi kidogo. Kubwa kuliko yote ni maji. Tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma kando, na uzito uleule wa gari umetandazwa juu ya uso mpana. Kwa hiyo huelea mapema zaidi juu ya maji yaliyotuama, hasa kashata zikiwa zimepungua. Gari linaloelea halisikii usukani wala breki.

Ikiwa tatizo lako ni gari kutotulia, anza na vitu vya gharama ndogo: upepo sahihi, kusawazisha magurudumu, kunyoosha miguu ya gari, na kukagua shokapu. Mara nyingi gari hutulia hapo. Tairi jipya la kipimo cha asili, lenye kashata nzima, ni bora kwenye mvua kuliko tairi pana lililokaribia kipara.

7. Ukiwa dukani

Soma umri wa tairi. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne: 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Mpira hukakamaa hata tairi lisipotumika, na weusi wa kung’aa unaweza kuwa wa dawa ya kupaka. Usichanganye vipimo kwenye ekseli moja. Ukipanua, panua yote manne, na ukumbuke kwamba tairi la akiba limebaki la kipimo cha zamani: litumie kwa umbali mfupi tu, hadi pancha izibwe.

Dai risiti ya EFD, na uombe kipimo kamili cha tairi kiandikwe humo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Muuzaji aliyekuhakikishia kwamba tairi linafaa gari lako anapaswa kuwajibika kwa kauli yake, lakini kauli isiyo na risiti ni vigumu kuithibitisha.

Zoezi

Kibandiko cha gari kinasema 195/65R15, na rimu ni 15×6J. Muuzaji anakupa 225/60R15 kwa bei ya punguzo. Je, ununue?

Jibu: Ubavu ni milimita 135, na kipenyo ni milimita 651, ongezeko ni asilimia 2.6, limepita mpaka wetu. Tairi hilo huanzia rimu ya inchi 6, hivyo rimu imefika mwisho wa ruhusa. Kila upande umeongezeka hadi milimita 15. Sharti la kwanza limeshindwa, la pili liko ukingoni, la tatu lina shaka. Masharti hutimizwa yote kwa pamoja; kwa hiyo usinunue, hata punguzo likiwa kubwa. Sasa nenda kwenye gari lako, fungua mlango wa dereva, na uandike vipimo vyako kwenye karatasi utakayokwenda nayo dukani.