JINSI MASHINE YA NYUMBANI INAVYOTENGENEZA MKATE

Utangulizi

Mkate wa ngano hauhitaji vitu vingi: unga, maji, chumvi na hamira, pengine na sukari na mafuta kidogo. Hata hivyo, kila aliyejaribu kuuoka nyumbani anafahamu kwamba vitu hivyo hivyo, kwa vipimo vile vile, vyaweza kutoa leo mkate mwororo na kesho tofali. Tofauti hiyo haitokani na bahati. Inatokana na mabadiliko ya kifizikia, kikemia na kibiolojia yanayotukia ndani ya donge, na kila badiliko lina wakati wake na joto lake.

Mwokaji mzoefu huyatambua mabadiliko hayo kwa macho na vidole. Lakini ipo mashine ndogo ya umeme, isiyo na macho wala vidole, inayokanda, kuumua na kuoka mkate ndani ya sufuria moja kwa muda wa saa tatu hadi nne. Je, mashine hiyo hujuaje la kufanya? Na kwa nini mara nyingine hushindwa? Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo mawili.

Sehemu za mashine

Tukiifungua mashine tutakuta sehemu tano zilizo muhimu. Ya kwanza ni sufuria ya madini yenye mhimili katikati ya kitako chake. Juu ya mhimili huo huchomekwa mwiko mdogo wa kukandia. Ya pili ni mota ya umeme, ambayo huuzungusha mhimili kwa kutumia mkanda na magurudumu mawili, moja dogo na moja kubwa. Gurudumu dogo la mota huzunguka mara nyingi ili lile kubwa lizunguke mara moja. Hivyo mwendo hupungua na nguvu ya kusokota huongezeka, kama donge zito linavyohitaji. Ya tatu ni waya wa kupashia joto unaoizunguka sufuria kwa chini. Ya nne ni kipimajoto cha umeme kiitwacho themista, ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyoongezeka. Ya tano ni mikroprosesa, yaani kikokotozi kidogo chenye saa, kilichohifadhiwa ratiba ya kazi yote.

Mikroprosesa husoma ukinzani wa themista, huulinganisha na kiwango cha joto kilichopangwa kwa hatua hiyo, kisha huwasha au huzima waya wa joto. Muda na joto: mambo hayo mawili tu ndiyo mashine inayoyafahamu. Haijui kama unga ni mzuri, wala kama maji yamezidi. Mwalimu na awaombe wanafunzi walikumbuke jambo hili, kwani ndani yake mna asili ya makosa karibu yote.

Kukanda: kujenga wavu wa protini

Unga wa ngano una protini mbili kubwa, gliadini na glutenini. Unga unapolowa na kukandwa, protini hizo huungana na kufanya wavu unaovutika kama mpira, uitwao gluteni. Wavu huo ndio utakaozuia gesi isitoroke. Unga wa mahindi au wa mtama hauna protini za aina hii, ndiyo maana peke yake haufanyi mkate wa kuumuka. Hata unga wa ngano hutofautiana: ule wa mikate huwa na protini kiasi cha asilimia 11 hadi 13, na ule wa keki huwa na pungufu ya hapo.

Hapa ndipo wavumbuzi wa mashine walipokwama. Mnamo 1985 wahandisi wa kampuni ya Matsushita mjini Osaka, Japani, walikuwa wakijaribu kuunda mashine ya mkate. Kila walipojaribu, ganda liliungua na ndani mkate ukabaki mbichi. Walipiga hata picha za eksirei za donge lililokandwa na mashine na lile lililokandwa na mtaalamu, wasione sababu. Ndipo mmoja wao, Ikuko Tanaka, alipokwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa Hoteli ya Kimataifa ya Osaka, aliyesifika kwa mkate wake. Alitambua kwamba mwokaji yule hakuwa akilizungusha donge tu, bali alikuwa akilivuta na kulisokota. Baada ya majaribio mengi, wahandisi waliweka mbavu ndogo ndani ya sufuria ili zilishike donge huku mwiko ukilivuta. Mwaka 1987 mashine ikaingia madukani. Ujuzi ambao mwokaji alikuwa nao mikononi, pasipo kuuandika popote, uligeuzwa kuwa umbo la chuma.

Kuumuka: kazi ya kiumbe hai

Hamira ni kuvu wenye seli moja, kwa jina la kisayansi Saccharomyces cerevisiae. Louis Pasteur wa Ufaransa, katika uchunguzi wake wa miaka ya 1857 hadi 1860, alionyesha kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai. Vimeng'enya vilivyomo katika unga huvunja sehemu ya wanga kuwa sukari. Hamira huichukua sukari na, kwa kuwa oksijeni ndani ya donge ni haba, huibadili kuwa alkoholi na kaboni dioksaidi:

C6H12O6 → 2C2H5OH + 2CO2

Hebu tukokotoe. Moli moja ya glukosi ina gramu 180 na hutoa moli 2 za gesi. Gramu 9 za glukosi ni moli 0.05, zitatoa moli 0.1 ya gesi. Katika nyuzi 30 za Sentigredi na kanieneo ya kawaida ya hewa, moli moja ya gesi huchukua nafasi ya lita 24.9 hivi. Kwa hiyo tutapata karibu lita 2.5 za gesi, zaidi ya mara tatu ya ujazo wa donge la mkate mmoja! Sehemu ya gesi hiyo huyeyuka majini na sehemu hutoroka. Inayobaki hunaswa na gluteni na kulivimbisha donge.

Hamira hupenda uvuguvugu. Katika baridi huzubaa. Karibu na nyuzi 35 hufanya kazi kwa haraka sana. Na ifikapo nyuzi 55 hadi 60 hufa. Mashine hulitunza donge karibu na nyuzi 30. Mara mbili hivi mwiko huzunguka kidogo na kuliponda donge. Kuponda huko huvunja mapovu makubwa na kuipelekea hamira chakula kipya.

Ratiba ya mkate wa kawaida yaweza kuwa hivi:

1. Kukanda kwa mara ya kwanza: dakika 10
2. Kupumzika: dakika 20
3. Kukanda kwa mara ya pili: dakika 15
4. Kuumuka kwa mara ya kwanza, kisha kupondwa: dakika 40
5. Kuumuka kwa mara ya pili, kisha kupondwa: dakika 25
6. Kuumuka kwa mwisho: dakika 50
7. Kuoka: dakika 55

Kuoka

Waya wa joto ukiwaka, hamira huchangamka kwa mara ya mwisho, halafu hufa. Gesi iliyoyeyuka majini hutoka, mapovu hutanuka, na alkoholi hugeuka mvuke. Donge huinuka upesi. Kisha chembe za wanga hufyonza maji na kuvimba, na gluteni huganda kama ute wa yai unavyoganda. Hapo umbo la mkate huwa limekwisha kuamuliwa. Kosa la nyuma halitengenezeki tena.

Ndani ya mkate joto halizidi nyuzi 100, kwa kuwa mna maji mengi, na joto linaloingia hutumika kuyageuza kuwa mvuke. Juu, ambako maji yamekwisha kukauka, joto hupanda zaidi. Huko sukari na asidi za amino huungana na kutoa rangi ya kahawia na ile harufu inayowaita watoto jikoni. Badiliko hili huitwa la Maillard, kwa jina la mkemia Mfaransa aliyelieleza mwaka 1912.

Kwa nini mkate huharibika?

Kipimo kimoja kinachofaa kwa mkate wa kawaida ni unga gramu 400, maji mililita 260, sukari gramu 15, chumvi gramu 8, mafuta gramu 15 na hamira kavu gramu 5. Ni bora kupima kwa mizani kuliko kwa kikombe, maana unga ulioshindiliwa na ule uliochekechwa haulingani.

Maji yakizidi, wavu wa gluteni hulegea na mkate hubonyea katikati. Yakipungua, donge huwa gumu na mota hulemewa. Chumvi ikisahauliwa, hamira hukimbia mno, kwa kuwa chumvi ndiyo huipunguzia kasi na kuikaza gluteni.

Hali ya mahali nayo ina neno. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, maji ya kukandia na yawe ya baridi, kwani msuguano wa kukanda nao huongeza joto. Nairobi, iliyo kwenye kimo cha meta 1,700 hivi, kanieneo ya hewa ni ndogo. Gesi ile ile huchukua nafasi kubwa zaidi kwa karibu moja ya tano, na maji huchemka karibu na nyuzi 94. Huko inafaa hamira ipunguzwe kidogo, la sivyo donge litavimba kupita uwezo wake kisha lianguke.

Na umeme ukikatika? Mashine husimama, lakini hamira haisimami. Ikiwa umeme haurudi upesi, donge litolewe, liwekwe katika sufuria iliyopakwa mafuta, na likisha kuumuka lipaliwe makaa juu ya kifuniko na machache chini. Mbinu hiyo ya bibi zetu hufuata kanuni zile zile za joto.

Jaribio la darasani

Chukua chupa tatu. Katika kila moja tia kijiko kimoja cha hamira, kimoja cha sukari na kiasi sawa cha maji: ya kwanza maji baridi, ya pili vuguvugu, ya tatu maji yaliyochemka muda huo huo. Funika kila mdomo kwa puto. Baada ya nusu saa, linganisheni maputo na mwandike mlichokiona.

Maswali

1. Kwa nini puto la chupa ya tatu halivimbi hata maji yakisha kupoa?
2. Waya wa wati 500 ukiwaka kwa jumla ya dakika 30, hutumia nishati kiasi gani?
3. Ukizuiwa kuitazama saa na kipimajoto, ungetambuaje kwamba donge limekandwa vya kutosha? Jibu la swali hili ndilo Tanaka alilokwenda kulitafuta kwa mwokaji.