Maziwa ya Mama Yanapopungua: Mkono, Pampu na Bamvua katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Siku ya tatu baada ya kujifungua ni siku ya majaribu kwa akina mama wengi wa pwani ya Kilwa na Lindi. Mtoto analia, matiti bado ni laini, na ndani ya nyumba huanza kunong'onwa kwamba mzazi hana maziwa. Bibi huagiza supu ya pweza, jirani huleta uwatu, na mwingine, kwa nia njema, hukoroga maji ya sukari au maziwa ya kopo ili mtoto asilale na njaa. Siku hizi limeongezeka shauri la nne: ndugu aliyeko Dar es Salaam huahidi kutuma pampu ya kukamulia maziwa kwa basi.

Mashauri yote hayo yana upendo ndani yake, lakini si yote yanayoongeza maziwa. Tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya zinaonesha kwamba watoto wa Tanzania wa umri chini ya miezi 6 walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 59 mwaka 2015–16, na asilimia 64 mwaka 2022. Hatua imepigwa, ila zaidi ya theluthi moja bado hupewa kitu kingine kabla ya wakati, na hofu ya upungufu wa maziwa ni miongoni mwa sababu zake. Makala haya yanaeleza namna ya kuutambua upungufu wa kweli, namna ya kuyarudisha maziwa, na nafasi halisi ya pampu katika kazi hiyo.

Jinsi titi linavyofanya kazi

Mtoto anaponyonya, tezi iliyo chini ya ubongo wa mama hutoa homoni mbili. Prolaktini huliamuru titi litengeneze maziwa, nayo huwa nyingi zaidi usiku. Oksitosini huyasukuma maziwa yatoke. Hii hupungua mama anapokuwa na maumivu, hofu au aibu, na huongezeka anapomkumbatia na kumnusa mwanawe. Zaidi ya homoni hizo, titi lenyewe lina mizani yake. Likiachwa limejaa, hupunguza utengenezaji. Likitolewa maziwa, huanza kutengeneza mengine. Ni mfano wa kisima cha kijijini: kikichotwa hujaa, kikiachwa hutuama.

Hapo ndipo ulipo mtego wa chupa. Mtoto aliyeshibishwa maziwa ya kopo hulala muda mrefu na kuruka zamu ya kunyonya. Titi halitolewi, hivyo kesho yake hutengeneza kidogo zaidi, na mama huona uthibitisho wa kile alichokihofia. Chupa iliyoletwa kuwa tiba imekuwa chanzo cha ugonjwa.

Inafaa pia kukumbuka kwamba maziwa ya siku za mwanzo, yaani dang'a, ni machache kwa maumbile. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo, na matone hayo mazito ya manjano yana kinga anayoihitaji. Si maziwa machafu na hayapaswi kumwagwa. Maziwa mengi huja kati ya siku ya 2 na ya 4. Huweza kuchelewa kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, aliyetokwa na damu nyingi, mwenye kisukari, au anayezaa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kilio cha siku ya tatu peke yake si hukumu.

Je, maziwa ni machache kweli?

Vipimo vya kuaminika ni viwili: mkojo na uzito. Kuanzia siku ya 5, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo ukiwa wa rangi hafifu, na choo chake huwa kimegeuka kutoka cheusi kuwa cha manjano. Ni kawaida uzito kushuka siku za mwanzo, lakini usipungue zaidi ya asilimia 10, na mtoto awe ameurudia uzito wa kuzaliwa ifikapo siku ya 14. Baada ya hapo huongezeka angalau gramu 500 kwa mwezi katika miezi ya mwanzo. Kadi ya kliniki ndiyo shahidi, si maneno ya wageni.

Mambo mengine huwatisha mama bure. Matiti kuwa laini baada ya wiki kadhaa ni dalili kwamba yamezoea kiasi kinachohitajika. Mtoto kutaka kunyonya kila saa jioni si lazima awe na njaa isiyotoshelezwa. Na kiasi kinachotoka katika pampu si kipimo cha kilichomo, kwa kuwa mtoto anayeshika titi vizuri hutoa maziwa kuliko pampu nyingi.

Sababu za upungufu

Sababu inayoonekana mara nyingi ni mtoto kushika chuchu peke yake badala ya sehemu kubwa ya weusi wa titi. Dalili zake ni maumivu na michubuko. Mdomo wa mtoto unapaswa kufunguka sana, kidevu kiguse titi, na mdomo wa chini ugeukie nje. Sababu ya pili ni zamu chache: mtoto mchanga anahitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Ya tatu ni vinywaji vya nyongeza, pamoja na dawa za chango.

Zipo pia sababu za kitabibu. Vipande vya kondo vilivyobaki katika mji wa mimba, kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, magonjwa ya tezi ya shingo, upasuaji wa titi, na matiti yenye tezi chache za maziwa huweza kupunguza maziwa hata pale mama anapofanya kila kitu sawasawa. Mama wa namna hii hastahili lawama, anastahili uchunguzi. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo huweza kupunguza maziwa, hivyo mama anayenyonyesha amweleze mhudumu hali yake ili apewe njia inayomfaa.

Yako mambo mawili yanayosemwa sana pwani yanayohitaji jibu la heshima. La kwanza ni kubemenda, yaani imani kwamba tendo la ndoa huyaharibu maziwa na kumdhoofisha mtoto. Maziwa hayaharibiwi na tendo hilo. Kinachoweza kuyapunguza ni mimba mpya, na ushauri wa uzazi wa mpango ndio kinga yake. La pili ni jicho. Mama anayeamini kwamba ametupiwa jicho huwa na hofu, na hofu huzuia oksitosini. Kumtuliza na kumweka karibu na mwanawe humsaidia kuliko kumkemea.

Kuyarudisha maziwa

Kazi huanza kwa kurekebisha ushikaji, ikiwezekana mbele ya mkunga au muuguzi. Mama amlaze mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, amnyonyeshe kila anapoonesha dalili ya kutaka, na ampe matiti yote mawili katika kila zamu. Mtoto akisinzia, mama aliminye titi taratibu ili maziwa yaendelee kutiririka.

Baada ya kunyonyesha, akamue dakika 10 hadi 15, hata kama yanatoka matone tu, kwa sababu kinachotafutwa ni amri inayopelekwa kwenye titi. Mara moja kwa siku anaweza kutumia saa nzima kwa mpango huu: kukamua dakika 20, kupumzika 10, kukamua 10, kupumzika 10, na kukamua 10 tena. Mabadiliko hayaonekani kwa siku moja. Huhitaji siku kadhaa za kudumu bila kuruka. Ndiyo maana dawa ya kwanza ni watu wa nyumbani. Mume akichota maji na mama mkwe akishika jiko, mzazi hupata nafasi ya kukaa na mtoto.

Ikiwa mtoto tayari anapewa maziwa ya kopo na uzito wake ni mdogo, yasikatwe ghafla. Yapunguzwe hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa kliniki, huku uzito ukipimwa.

Supu ya pweza ni chakula kizuri chenye protini, na mzazi anastahili kula vizuri, lakini haifanyi kazi ya kinywa cha mtoto. Uwatu umechunguzwa na matokeo yametofautiana. Huweza kuvuruga tumbo na kushusha sukari ya damu, hivyo mwenye kisukari asiutumie bila ushauri. Maji yanywewe kwa kiu. Kuyazidisha hakuongezi maziwa. Dawa za hospitali za kuongeza maziwa zina madhara kwa moyo au kwa hali ya akili, na hutolewa na daktari peke yake.

Mkono kwanza, kisha pampu

Mkono hauhitaji umeme wala vipuri. Mama anawe mikono kwa sabuni, akande titi, aweke kidole gumba na cha shahada pande mbili za weusi wa titi, asukume kuelekea kifuani, kisha abane na kuachia bila kuteleza juu ya ngozi. Azungushe vidole ili kila upande utolewe. Kwa dang'a, ambayo ni nzito na hupotea katika mirija ya pampu, mkono mara nyingi ndio bora. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliona kwamba mama wa watoto njiti waliokamua kwa mkono mara kwa mara katika siku 3 za kwanza, pamoja na kutumia pampu, walipata maziwa mengi zaidi baadaye.

Pampu hufaa zaidi katika hali tatu: mtoto njiti au mgonjwa asiyeweza kunyonya, mama anayerejea kazini, na upungufu unaohitaji kukamua mara nyingi kwa siku. Anayenunua azingatie haya:

1. Nishati. Pampu ya mkono inatosha kwa anayekamua mara moja au mbili kwa siku. Pampu ya umeme ya matiti mawili huokoa muda kwa anayekamua mara 8, lakini iwe na betri au iweze pia kuendeshwa kwa mkono.
2. Faneli. Chuchu inapaswa kwenda na kurudi bila kusuguliwa pembeni, na weusi wa titi usivutwe mwingi ndani. Maumivu ni ishara ya kipimo kisichofaa. Kuongeza nguvu ya mvuto hakuongezi maziwa, huongeza vidonda.
3. Usafi. Kila sehemu inayoguswa na maziwa ifunguke, ioshwe kwa sabuni na ichemshwe. Pampu ndogo za kubonyeza puto la mpira ziepukwe, kwa kuwa maziwa huingia ndani ya puto na hayasafishiki.
4. Vipuri. Vali na mpira mwembamba vikichoka, mvuto hupungua na mama hudhani maziwa yameisha.
5. Mtumiaji mmoja. Pampu nyingi za binafsi hazikuundwa kushirikiwa. Ya mitumba au ya kuazimwa inaweza kubeba vijidudu.

Kwa mtoto njiti, kukamua kuanze ndani ya saa 6 za kwanza, mapema zaidi ikiwezekana, na kufanyike angalau mara 8 kwa siku.

Kazi, bamvua na joto

Mwajiriwa analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha wakati wa kazi. Mama wa mwani na pweza hana mwajiri. Anayempangia kazi ni bahari. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na katika pwani hii maji hupwa sana karibu na saa nne asubuhi. Kwa kuwa siku hizo zinajulikana mapema, kunyonyesha kunaweza kupangwa. Mama amnyonyeshe mtoto kabla tu ya kushuka pwani, akamue ya kuacha, na amnyonyeshe mara anaporudi. Titi likijaa akiwa majini, akamue kidogo kwa mkono hata kama atayamwaga. Anachokilinda ni maziwa ya kesho.

Mtoto wa mwezi 1 hadi 6 hutumia takriban mililita 30 kwa kila saa. Mama atakayekuwa mbali saa 4 aache mililita 120 hivi, katika chombo safi chenye kifuniko, na mtoto anyweshwe kwa kikombe badala ya chupa. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa hadi saa 4 katika joto lisilozidi nyuzi 25, siku 4 katika jokofu, na miezi 6 katika friza. Mchana wa Kilwa na Lindi mara nyingi huvuka nyuzi hizo. Chombo kiwekwe kivulini, ndani ya sufuria ya maji ya mtungini, na maziwa yatumike mapema. Yasichemshwe, yapashwe kwa kukiweka chombo katika maji ya vuguvugu. Yanayobaki katika kikombe yasirudishiwe mtoto.

Uangalifu huu una sababu nyingine. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Duka huweza kuishiwa maziwa ya kopo, na umeme huweza kukatika. Mama anayejua kukamua kwa mkono huendelea kumlisha mwanawe.

Wakati wa kufika hospitali

Mtoto apelekwe haraka akikataa kunyonya, akilegea au kulala kupita kiasi, akikojoa kidogo au mkojo ukiwa mzito, utosi ukibonyea, akiwa na homa au mwili baridi, degedege, au ngozi na macho ya manjano. Mama afike akiwa na homa, titi lenye wekundu na maumivu makali, au damu inayoendelea kutoka kwa wingi. Titi lenye uvimbe huendelea kunyonyeshwa au kukamuliwa. Kuliacha huzidisha ugonjwa. Mama anayeishi na VVU na anayetumia dawa ipasavyo hunyonyesha pia, ila akipata michubuko au uvimbe wa titi aende kliniki mapema.

Hitimisho

Maziwa huongezeka kwa kutolewa. Pampu nzuri husaidia kuyatoa, lakini haichukui nafasi ya ushikaji sahihi, zamu za usiku na msaada wa nyumbani. Kabla familia haijatumia fedha zake kwa kopo au kwa pampu, impeleke mama na mtoto wake kliniki, mizani iseme, na mkunga aangalie mtoto anavyonyonya. Mara nyingi kinachohitajika ni kumgeuza mtoto kidogo kifuani mwa mama, na kumwachia mama muda.