TUSEME KWELI JUU YA VITABU TUNAVYOSOMA



Mwaka wa masomo uliopita tuliomba kila klasi ituletee maoni juu ya kitabu kimoja cha maktaba, kusudi tuyachape katika kurasa hizi. Tulipata karatasi tisa. Saba zilisema karibu neno moja: "Kitabu iko muzuri sana, kila mutu akisome." Tulipowauliza wale saba kitabu kinaisha namna gani, wanne wakaangalia chini. Walikuwa wamenakili maneno ya nyuma ya jalada. Na sisi wa komite hatuna haki ya kuwacheka, sababu mmoja wetu alikuwa kati ya wale wanne.

Basi leo tufundishane: juu ya nini tuandike kweli, na namna gani.

1. Kitabu kimoja, wasomaji wengi

Jirani akikuuliza kama mbegu ya maharagi uliyopanda ilizaa vizuri, utamjibu "ndiyo" kusudi umpendeze tu? Atapanda, na watoto wake watalala njaa. Na kitabu ni vile vile. Hapa kwetu Miti kitabu kimoja kinapita katika mikono mingi. Ukisifu kitabu usichosoma, mwenzako atangoja zamu yake majuma mawili, kisha atapoteza siku zake bure. Na ukisema "ni kibaya" sababu tu ulichoka kwenye ukurasa wa kumi, kitabu chema kitalala katika vumbi. Maoni yako si kazi ya kupata pointi tu. Kuna mtu atakayeyafuata.

2. Mfano mmoja wa inchi yetu

Wengi wetu tumeona kitabu cha picha kinachoitwa Tintin au Congo. Hergé, Mbeleji, alikitoa kwanza katika gazeti la watoto huko Brussels, mwaka 1930 na 1931. Yeye mwenyewe hakufika Kongo hata siku moja. Alichora kwa kufuata magazeti na vitu vya nyumba ya makumbusho ya Tervuren. Katika chapa ya kwanza Tintin aliwafundisha watoto Wakongomani kwamba inchi yao ni Ubelgiji. Katika chapa ya rangi ya mwaka 1946 somo lile liligeuka kuwa hesabu.

Mwaka 1975 wachapishaji wa Skandinavia hawakupenda ukurasa ambamo Tintin anapasua kifaru kwa baruti. Hergé akauchora upya. Mwaka 2007 Mkongomani aliyekaa Brussels, Bienvenu Mbutu Mondondo, alipeleka kitabu hicho mbele ya sheria, sababu kinamwonyesha mtu mweusi kama mjinga. Mwaka 2012 mahakama ilikataa kukikataza.

Je, msomaji wa kweli ataandika nini hapa? Ataandika yote mawili. Atasema picha ni za ufundi na zinachekesha. Hata mafundi Wakongomani wanamchonga Tintin katika mti na kumwuza. Tena atasema kwamba watu wetu wamechorwa kama watoto wasiojua kusema wala kufikiri, na jambo hilo linaumiza. Akificha la kwanza, amedanganya. Akificha la pili, amedanganya vilevile. Hata Hergé baadaye alikubali kwamba alichora kwa kufuata mawazo ya Wabeleji wa wakati ule. Kukataza kitabu ni jambo moja, kusema kweli juu yake ni jambo lingine, na hili la pili halingoji hakimu. Kila mwanafunzi mwenye kalamu anaweza.

3. Maandiko yanatufundisha nini

Wengine wanaogopa: "Mwandishi ni mukubwa, mimi ni nani?" Tusome Matendo 17:11. Watu wa Beroya walipokea neno la Paulo kwa moyo, lakini kila siku walichunguza Maandiko kuona kama ni hivyo. Luka hakuwaita wenye kiburi, aliwasifu. Kama maneno ya mtume yalichunguzwa, ni mwandishi gani hatachunguzwa?

4. Namna ya kuandika

a) Sema ulisoma mpaka wapi. Kama uliacha katikati, andika hivyo, na sababu yake.
b) Eleza kwa maneno yako kitabu kinahusu nini. Mwisho wake usiufunue.
c) Ukisifu au ukilaumu, taja ukurasa, kusudi mwenzako aende kuona mwenyewe.
d) Tenga "sikupenda" na "ni kibaya". Kama Kifaransa kilikushinda, sema kilikushinda. Hilo si kosa la mwandishi.
e) Laumu kazi, usimtukane mtu. Na kama kitabu kimeandikwa na mwalimu wako au mchungaji wako, sheria ni ile ile.

Maulizo ya kujibu katika klasi

1. Ni kitabu gani ulichosifu bila kukimaliza? Kwa nini?
2. Unaweza kupenda kitabu na kukataa jambo moja lililomo? Toa mfano wako.

Tunangoja karatasi zenu tena. Yule wa komite aliyenakili jalada amekwisha kurudi maktaba. Amefika ukurasa wa 60, na anasema kitabu kile si kizuri sana kama alivyoandika. Katika namba ijayo ataeleza mwenyewe.

Komite ya gazeti