Gari la Kikundi: Tujue Springi na Shoki



Kuna vikundi vya kina mama na vya vijana vilivyochanga pesa, shilingi kwa shilingi, vikanunua pikapu kuukuu ya kupeleka maziwa, kabeji na viazi sokoni. Siku gari likianza kurukaruka, dereva hurudi na neno moja tu: "Springi zimekwisha." Mweka hazina anatoa pesa, springi zinabadilishwa, na wiki ijayo gari linaruka vile vile. Pesa ya kikundi imekwenda bure, kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwingine. Somo hili ni la kutusaidia kuuliza maswali kabla ya kufungua mkoba.

SPRINGI HUBEBA, SHOKI HUTULIZA

Wengi wetu huchanganya hivi viwili. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari na mzigo wake. Gurudumu likiingia shimoni, springi hujikunja na kujinyosha. Lakini ikiachwa peke yake haijui kutulia: itapanda na kushuka kama kitanda ambacho mtoto anakirukia. Kuituliza ni kazi ya shokabsoba, ambayo mafundi huiita shoki. Ndani yake mna mafuta na pistoni yenye vitundu vidogo. Mafuta yakilazimishwa kupita hapo, mruko hupungua nguvu.

Kwa hiyo gari likiinama upande mmoja, au likikaa chini hata bila mzigo, shuku springi. Likirukaruka na kukataa kutulia, shuku shoki.

AINA ZA SPRINGI

1. Ya vyuma bapa. Chungulia nyuma ya pikapu au lori. Utaona vyuma bapa vilivyolaliana, virefu juu na vifupi chini. Hushikwa pamoja na bolti ya katikati, halafu hufungwa kwenye ekseli kwa yubolti. Springi hii hubeba mzigo na pia hushika ekseli mahali pake. Ndiyo maana yubolti zikilegea, bolti ya katikati inaweza kukatika, ekseli ikasogea, na gari likaenda upande upande.

2. Ya kuviringa. Hii utaiona kwenye magari mengi madogo. Hubeba uzito, lakini haiwezi kushika gurudumu mahali pake. Kazi hiyo ni ya mikono ya chuma iliyo kando yake.

3. Ya kujisokota. Pikapu nyingine, upande wa mbele, zina fito ya chuma iliyonyooka chini ya gari. Hubeba kwa kujisokota, kama nguo inayokamuliwa. Fundi akikaza bolti yake gari huinuka, lakini kuinuka si kupata nguvu zaidi.

Msisahau bushi, yaani mipira iliyo kati ya vyuma, na boljointi, ambayo ni kama kifundo cha nyonga ya gurudumu la mbele. Boljointi ikichomoka gurudumu hulala, na usukani hausaidii tena. Hiyo haingoji mavuno.

TUSIDANGANYANE JUU YA KUONGEZA VYUMA

Mkiongeza vyuma kwenye springi, gari litakaa juu hata likibeba kupita kiasi, nanyi mtadhani limepata nguvu. Lakini breki ni zile zile, ekseli ni ile ile, matairi ni yale yale. Kwenye mteremko ndipo ukweli utakapojulikana, na watakaoumia ni wale waliopanda juu ya magunia. Pia chuma cha springi kilichokatika kisiunganishwe kwa weldi. Moto huondoa ugumu wake, nacho kitakatika tena.

UKAGUZI WA KILA WIKI

- Weka gari tupu mahali tambarare. Pima kwa kamba kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto. Vipimo vikiachana sana, mwite fundi.
- Bonyeza kona ya gari kwa nguvu, kisha achilia. Likipanda na kutulia, ni vizuri. Likiendelea kunesanesa, shoki imechoka.
- Angalia kama shoki ina vumbi lililoshikana na mafuta. Inavuja. Badilisheni mbili pamoja, ya kulia na ya kushoto.
- Tazama nyufa kwenye vyuma, na yubolti zilizolegea. Springi mpya ikifungwa, yubolti zikazwe tena baada ya safari za kwanza.
- Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Wekeni magogo imara.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Gari letu lina springi za aina gani, mbele na nyuma?
2. Mara ya mwisho tulipotengeneza, nani aliiona sehemu iliyoharibika kabla ya pesa kutolewa?
3. Kiasi gani cha mzigo kimeandikwa kwenye gari letu, na siku ya soko sisi hupakia ngapi?